Kabla ya Kununua Droni

Mbele ya Fort Jesus, Mombasa, kuna mzinga ambao watalii hupiga nao picha bila kuuliza umetoka wapi. Mwongoza wageni niliyemkuta pale alijua habari za Wareno kwa kina cha kushangaza, lakini kuhusu mzinga alisema tu, "Huo wa Wajerumani, kaka," akaendelea na msafara wake.

Mzinga huo umetoka Rufiji. Ulikuwa mmoja kati ya mizinga 10 mikubwa ya manowari SMS Königsberg, ile iliyoizamisha HMS Pegasus bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, kisha ikaenda kujificha ndani ya delta ya Rufiji. Manowari kubwa za Waingereza hazikuweza kuifuata humo kwa sababu maji yalikuwa mafupi, na kutoka baharini hakuna aliyeweza kuona chochote zaidi ya mikoko. Wakatafuta jicho la angani. Walimkodi kwanza rubani raia kutoka Durban, H. Dennis Cutler, pamoja na ndege zake za kutua majini, wakampa cheo cha muda katika jeshi la majini. Alifanikiwa kuiona Königsberg, lakini Desemba mwaka huohuo ndege ikamharibikia akiwa juu ya delta, Wajerumani wakamkamata.

Siku ya mwisho ya Königsberg ilikuwa tarehe 11 Julai 1915. Meli mbili za Kiingereza zenye kitako kifupi, Severn na Mersey, ziliingia mtoni na kuanza kupiga mizinga kupita juu ya mikoko. Wapigaji hawakuiona shabaha yao hata mara moja. Ndege iliyokuwa imeruka kutoka kisiwa cha Mafia ndiyo iliyokuwa ikiwaambia kwa redio kombora limeangukia wapi na walisogeze vipi. Ndege ikapigwa. Mwangalizi aliyekuwa ndani akaendelea kutuma masahihisho huku rubani akiishusha bila injini kuelekea mtoni. Wote wawili waliokolewa, na Königsberg ikaisha. Wajerumani wakaing'oa mizinga yake, wakaifungia magurudumu, wakapigana nayo nchi kavu kwa miaka kadhaa.

Nimeirudia hadithi hii mara nyingi kwa marafiki wanaoniambia kwamba droni zimeleta vita ambavyo sheria haikuviwaza. Mmoja anaona, mwingine anapiga, na anayepiga hamuoni anayekufa. Mpangilio huo ulikuwapo Rufiji kabla babu yangu hajazaliwa. Hata suala la Cutler ni la leo kabisa: raia mwenye ujuzi wa kifaa kipya anapoanza kulielekezea jeshi shabaha, je, bado ni raia? Admirali wa 1914 waliliona tatizo hilo, ndiyo maana walimpa cheo kabla ya kumrusha. Bila cheo angeweza kuhesabiwa jasusi.

Na sheria yenyewe ilikwishakuwapo. Mwaka 1899, mjini The Hague, mataifa yalikubaliana kutodondosha makombora wala vilipuzi kutoka kwenye maputo "au kwa njia nyingine mpya za aina hiyo". Hapo hakuna ndege ya injini iliyowahi kuruka na mtu. Walipiga marufuku kitu ambacho hakijakamilika kuvumbuliwa! Marufuku hiyo iliwekewa muda wa miaka mitano tu, kwa hoja kwamba huenda baadaye maputo yangeweza kulenga vizuri na hivyo kufupisha vita. Mwaka 1907 ikahuishwa hadi mwisho wa mkutano wa tatu wa amani, mkutano ambao vita ya 1914 iliufuta. Hoja ile ya kulenga vizuri bado inauzwa. Kila tangazo la silaha mpya nililowahi kuliona linasema hivyohivyo.

Kuna jambo jingine la mwaka 1899 ambalo vitabu vingi vya sheria hulipitia haraka, nami sitaki kulipitia haraka. Katika mkutano uleule, mjumbe wa Uingereza, Sir John Ardagh, alizitetea risasi za dum-dum, zile zinazotanuka mwilini. Hoja yake ilikuwa kwamba askari wa taifa lililostaarabika akijeruhiwa hurudi nyuma, lakini "mshenzi" huendelea kuja hata akiwa ametobolewa mara kadhaa. Wajumbe wengi hawakukubaliana naye na risasi zile zikapigwa marufuku. Lakini marufuku ilihusu vita baina ya mataifa yaliyotia saini. Miaka sita baadaye, katika vilima vya Matumbi, si mbali na delta ileile ya Rufiji, watu walisimama na maji ya Kinjeketile, dawa waliyoamini ingezigeuza risasi kuwa maji, mbele ya bunduki za Maxim, zile za kumimina risasi mfululizo. Ujerumani ilikuwa imetia saini mikataba ya The Hague. Hakuna ofisa wa Kijerumani aliyedhani inawahusu Wamatumbi, Wangoni au Wapogoro. Serikali ya Gavana von Götzen ilichoma mashamba na maghala, na wengi wa waliokufa katika vita hivyo vya Maji Maji waliuawa na njaa. Wanahistoria wanakadiria kati ya watu 75,000 na 300,000.

Kwa hiyo nikisikia mtu anasema sheria za vita zimepitwa na teknolojia, mimi hujiuliza kwanza: zimepitwa kwa nani? Kwetu sisi, kwa muda mrefu tatizo halikuwa kwamba sheria haikuijua Maxim. Ilimjua aliyeishika, ikaamua kutomuona aliyesimama mbele yake.

Hilo lilibadilika kwa kupigania. Kati ya 1974 na 1977, Itifaki za Ziada za Mikataba ya Geneva, ile inayowalinda watu wakati wa vita, zilipokuwa zikijadiliwa, nchi zilizotoka kupata uhuru zilikuwa mezani, na vyama vya ukombozi, ambavyo vingi ofisi zao zilikuwa Dar es Salaam, vilihudhuria ingawa bila kura. Ndiyo maana Itifaki ya Kwanza inazitambua vita dhidi ya ukoloni kuwa vita za kimataifa, na ndiyo maana inakataza kuwaua raia kwa njaa na kuwaharibia mashamba na visima. Wengi wetu hatuijui, lakini mikono yetu imo ndani yake.

Ndani ya Itifaki hiyohiyo kuna Ibara ya 36, fupi mno, ambayo mimi naiona kuwa muhimu kuliko mijadala yote ya roboti. Inasema kwamba nchi inapochunguza, kutengeneza, kupata au kuanza kutumia silaha mpya, au njia mpya ya kupigana, inawajibika kuamua kama matumizi yake, katika hali fulani au hali zote, yangekuwa kinyume cha sheria. Angalieni neno "kupata". Anayenunua naye anabanwa. Tanzania iliingia katika Itifaki hiyo mwaka 1983, Kongo 1982, Rwanda 1984, Uganda 1991, Burundi 1993, Ethiopia 1994, Kenya 1999. Marekani ilitia saini lakini haijairidhia mpaka leo, ingawa misingi mikubwa iliyomo, ya kumtofautisha mpiganaji na raia, ya kutosababisha madhara kwa raia yanayozidi faida ya kijeshi, na ya kuchukua tahadhari kabla ya kushambulia, inaibana kama desturi inavyozibana nchi zote.

Wazo la ibara hii ni la zamani. Katika miaka ya 1860 jeshi la Urusi lilitengeneza risasi inayolipuka, kwa ajili ya kulipua magari ya risasi ya adui. Baadaye ikaboreshwa hadi ikaweza kulipuka hata mwilini mwa mtu. Wenyewe waliotengeneza wakaiona haifai, wakaita mkutano St. Petersburg mwaka 1868, na risasi za kulipuka zenye uzito chini ya gramu 400 zikakataliwa. Vivyo hivyo silaha za leza za kupofusha macho zilipigwa marufuku mwaka 1995 kabla hazijaenea vitani. Sheria huweza kutangulia, mradi mwenye silaha akae chini na kuiangalia kabla ya kuitumia.

Sasa tuje Kabul, Afghanistan, maana hapa ndipo hoja ya "kulenga vizuri" inapojaribiwa. Tarehe 29 Agosti 2021, siku tatu baada ya bomu kuua watu wengi kwenye lango la uwanja wa ndege, droni za Marekani zilifuatilia Toyota Corolla nyeupe kwa takriban saa nane. Corolla nyeupe! Anayeishi mji wowote wa ukanda huu anajua maana ya kutafuta mtu kwa alama hiyo. Dereva alionekana akisimama hapa na pale, akipakia vitu vizito. Jioni alipofika nyumbani, kombora la Hellfire likapigwa uani. Jenerali Mark Milley, mwenyekiti wa wakuu wa majeshi ya Marekani wakati huo, alilieleza shambulio hilo kuwa la haki. Waandishi wa habari wakafuatilia, na tarehe 17 Septemba jeshi likakubali: waliokufa walikuwa raia 10, kati yao watoto 7. Dereva alikuwa mfanyakazi wa shirika la misaada, na vile vitu vizito, kwa uchunguzi wa waandishi, vilikuwa vyombo vya maji. Desemba ikatangazwa kwamba hakuna askari atakayeadhibiwa.

Kombora halikukosea. Lilitua palepale lilipotumwa. Kamera ilionyesha picha safi kwa saa nane, na kila dakika ya picha hiyo iliongeza imani ya watazamaji katika jambo walilokwisha kuliamini asubuhi. Sheria ilikuwa na la kusema kuhusu hali hiyo: ukiwa na shaka kama mtu ni raia, mchukulie kuwa raia, na fanya kila linalowezekana kuthibitisha. Teknolojia iliongeza "linalowezekana". Ukiwa na saa nane za kutazama, wajibu wako wa kujua ni mkubwa kuliko wa yule mwangalizi wa Rufiji aliyekuwa akianguka na ndege. Huo ndio upande ambao wauzaji hawautaji: kila kifaa kinachokupa uwezo wa kuona zaidi kinakuondolea kisingizio kimoja.

Mwaka uliofuata, tarehe 7 Januari 2022, shambulio la droni liliangukia shule ya Dedebit, Tigray, kaskazini mwa Ethiopia, iliyokuwa kambi ya watu waliokimbia makwao. Zaidi ya watu 50 walikufa. Masalia ya bomu yaliyookotwa yalitambuliwa kuwa ya aina inayobebwa na droni za Uturuki. Hapa hatuzungumzii tena Washington. Nchi ya Kiafrika imenunua kifaa, imekirusha juu ya raia wake, na ni mwanachama wa Itifaki yenye Ibara ya 36. Vita vya Tigray vilikuwa vya ndani, najua, na mwanasheria wa serikali atakimbilia hapo. Lakini ukaguzi wa silaha hufanywa wakati wa kuipata, wakati ambapo hujui bado utaitumia kwenye vita gani.

Wenye kupenda mjadala wa akili mnemba huniuliza kuhusu Libya. Ripoti ya wataalamu wa Umoja wa Mataifa ya Machi 2021 ilieleza kwamba mwaka 2020 vikosi vya Khalifa Haftar, kamanda wa mashariki mwa Libya, vilivyokuwa vikirudi nyuma viliwindwa na droni, zikiwamo za aina ya Kargu-2 za Kituruki, zilizokuwa zimepangwa kushambulia bila kuhitaji mawasiliano na mwendeshaji. Ripoti haikusema wazi kwamba mtu aliuawa na droni iliyojiamulia. Magazeti yalisema hivyo kwa niaba yake. Mimi swali langu la Libya ni dogo zaidi: askari anayekimbia anaruhusiwa kupigwa, lakini akitupa silaha na kuinua mikono haruhusiwi. Anainua mikono mbele ya nani?

Mwishoni mwa vita vya Ghuba, mwaka 1991, askari wa Iraq katika kisiwa cha Faylaka, Kuwait, walipata jibu lao. Walikuwa wamejifunza kwamba ikipita ndege ndogo isiyo na rubani, baada ya muda mfupi huja makombora ya meli ya USS Wisconsin. Ilipokuja tena wakatoka mahandakini wakipunga vitambaa vyeupe kuielekea. Upande wa pili wa kamera kulikuwa na mtu, akawaona. Ukraine nako, mwaka 2023, kulikuwa na wanajeshi wa Urusi waliojisalimisha kwa droni na kuifuata hadi upande wa pili. Kiungo katika visa vyote ni yule mtu mbele ya kioo. Mtoe, uache programu inayotambua umbo la mwanajeshi, halafu unieleze itajuaje tofauti kati ya mikono iliyoinuliwa kujisalimisha na mikono iliyoinuliwa kujikinga na jua. Wahandisi watasema siku moja itajua. Sawa, lakini hata siku hiyo kutakuwa na kosa, na mahakama haiwezi kuifunga programu. Itamtafuta kamanda, kamanda atasema mtambo uliamua, mtengenezaji atasema aliuza kifaa na maelekezo yake, na faili litakuwa kama mpira wa utotoni kwetu, kila mmoja akiupiga teke usimkae miguuni.

Goma, mashariki mwa Kongo, imeyaona mengi ya haya kwa mpangilio wake. Desemba 2013 Umoja wa Mataifa ulirusha hapo droni zake za kwanza katika historia ya ulinzi wa amani, za kutazama tu, zisizo na silaha. Ulikuwa mwaka uleule ambao brigedi maalumu yenye wanajeshi wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, ikiongozwa na Brigedia Jenerali James Mwakibolwa, ilipigana na waasi wa M23. Mei iliyofuata, moja ya droni hizo iliona boti imepinduka Ziwa Kivu na kusaidia watu waokolewe. Kitu kilekile kinaweza kumtafuta mtu anayezama au kumtafuta mtu wa kupigwa, na sheria haikipi jina jema wala baya. Inauliza kimetumikaje. Hata kikosi cha amani, kikipigana, kinabanwa na sheria hizo. Katibu Mkuu Kofi Annan alitoa agizo hilo kwa maandishi Agosti 1999.

Miaka 10 baadaye anga ya Kivu Kaskazini ilikuwa na wenyewe wengi. Jeshi la Kongo lilikuwa na droni za Kichina za CH-4. Februari 2024 uwanja wa ndege wa Goma ulishambuliwa kwa droni ambazo jeshi hilo lilisema zimetoka upande wa Rwanda, na ndege za kiraia zikaharibika. Uwanja ule ulikuwa ukitumiwa na wanajeshi, na pia na abiria na mashirika ya misaada. Kisheria sehemu yake ya kijeshi inaweza kuwa shabaha halali. Anayeshambulia analazimika kupima raia watapata hasara gani na kama kuna saa au njia yenye madhara madogo. Kisha kukaja uvurugaji wa mawimbi ya GPS, ambao Umoja wa Mataifa uliulalamikia kwa sababu unahatarisha ndege za misaada. Huo hautoi moshi wala kishindo. Unaharibu ramani ndani ya chumba cha rubani, na kwa maoni yangu unastahili kupimwa kwa mizani ileile ya bomu, kwa sababu ndege ikigonga mlima wa Masisi waliomo watakufa vilevile.

Simu sitaizungumzia sana, ingawa inastahili makala yake. Ukraine ilitoa mwaka 2022 programu ya simu inayomwezesha raia kuripoti kombora au droni inayopita. Ni Cutler yuleyule wa Durban, ila sasa ni wengi mno na hawajapewa cheo. Vijana wetu wanaorekodi misafara ya magari ya jeshi na kuirusha kwenye makundi ya WhatsApp, kwa kutaja mahali na saa, wangefaa kuambiwa kwamba raia anayeshiriki moja kwa moja kwenye mapigano hupoteza kinga yake kwa muda anaoshiriki. Mstari uko wapi hasa, wanasheria wanabishana.

Geneva wanazungumza kuhusu silaha zinazojiamulia tangu 2014. Kundi la Afrika lilisema huko mwaka 2018 kwamba silaha zinazojiendesha kabisa zipigwe marufuku, na nchi za Afrika Magharibi zikakutana Freetown Aprili 2024 kudai mkataba. António Guterres wa Umoja wa Mataifa na rais wa Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu waliomba mkataba upatikane kufikia 2026. Desemba 2024, nchi 166 katika Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa zilipiga kura kuunga mkono mazungumzo, 3 zikapinga: Urusi, Belarus na Korea Kaskazini. Nautaka mkataba huo. Hata hivyo sioni kwa nini tuusubiri, wakati wajibu wa kukagua tulikwishaukubali wenyewe na hauhitaji kura ya Moscow.

Swali linaweza kuulizwa Dodoma, Nairobi, Kampala au Kinshasa wakati wa bajeti ya ulinzi, na halihitaji kufichua siri yoyote ya jeshi. Wizara ina kitengo gani kinachokagua silaha kabla ya mkataba wa ununuzi kusainiwa? Kuna mwanasheria ndani yake, kuna mhandisi, kuna daktari? Muuzaji ametakiwa kuonyesha jinsi programu ya droni inavyochagua shabaha, au ameruhusiwa kusema ni siri ya biashara? Anayebonyeza kitufe amefundishwa muda gani, na picha anazoziona zinatunzwa kwa miaka mingapi ili siku watu wakifa kwa makosa ziweze kutazamwa? Na kama mkaguzi alisema hapana, kuna mtu mwenye mamlaka ya kuinunua hivyohivyo?